Masafa, Upeo na Mwingiliano: Istilahi za Redio za Kupokezana

Nia ya makala haya ni kuchunguza neno masafa, ambalo katika maandishi ya redio hubeba dhana mbili. Katika "kombora la masafa marefu", masafa ni umbali. Katika "masafa ya FM", ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Mazungumzoni muktadha hutosha kutenganisha maana hizo, darasani hautoshi. Mambo mengine yakiwa sawa, wimbi lenye mitetemo mingi zaidi hufika karibu zaidi. Kwa hiyo sentensi "kuongeza masafa hupunguza masafa" ni ya kweli, lakini haimfai mwanafunzi.

Tuchukue mfano wa milima ya Kisii na Nyamira. Mawimbi ya FM na yale mafupi zaidi husafiri karibu na mstari ulionyooka, hivyo ukingo kama ule wa Manga huweza kuyakinga. Njia mojawapo ni kupokezana ujumbe kilele hadi kilele. Natuwazie vituo 7 vyenye nafasi sawa katika mstari mmoja, vyote vikitumia wimbi moja. Kituo cha 1 kinapokipelekea cha 2, hicho cha 2 hakiwezi kutuma, wala cha 3, kwani kingemvuruga msikilizaji wa kwanza. Kama madhara yangeishia hapo, mnyororo ungepitisha theluthi ya uwezo wake.

Lakini hayaishii hapo. Tuseme ujumbe hueleweka iwapo una nguvu mara 10 kuliko kelele ya kituo kingine. Baina ya vilele vilivyo wazi nguvu hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kituo cha 5 kiko mbali na cha 2 mara 3 kuliko cha 1. Kelele yake hapo ni sehemu moja ya 9 tu, nayo bado inaharibu. Ni cha 6 pekee, chenye sehemu moja ya 16, kinachoweza kutuma wakati huohuo. Mnyororo sasa hupitisha sehemu moja ya tano.

Je, vituo vyote viongeze nguvu? La. Uwiano haubadiliki, kama vile sokoni Keroka kila mtu akipaza sauti, hakuna anayesikika zaidi.

Ni dhahiri basi kwamba kuna mipaka miwili: ule ambamo ujumbe hueleweka, na ule mpana zaidi ambamo hauleweki ila huvuruga. Tukiiita yote miwili masafa, tumeificha hoja yenyewe. Tunapendekeza masafa yabakie kwa mitetemo, kama watangazaji walivyokwisha kuzoea. Mpaka wa kwanza uitwe upeo wa upokezi, na wa pili upeo wa mwingiliano. Wanaisimu hawatalionea geni neno mwingiliano: wanajua kuwa lugha nayo huweza kuathiri usemi wa mtu hata pale ambapo haizungumzwi.