Kuchomelea Chuma Chenye Kromu

Ndugu wanafunzi, na ninyi mliokwisha kuondoka shuleni, leo nataka kuwaelezeni jambo moja la kazi yangu ya kuchomelea vyuma. Huenda baadhi yenu mtaishika kazi hii, na wengine mtapeleka vyombo vyenu kwa fundi. Wote yawafaa kulijua.

Nilipokuwa mwanagenzi katika karakana moja ya Katwe, Kampala, mtu mmoja alileta pikipiki ambayo keria yake ilikuwa imevunjika. Keria ile ilikuwa ya bomba la chuma lililopakwa kromu, ikimetameta kama kioo. Nami niliona huruma kuuharibu mng'aro ule, basi nikachomelea juu yake vivyo hivyo. Moshi ulinipanda puani, koo likaniwasha mpaka usiku. Na kazi yenyewe haikufaa: baada ya siku chache keria ilikatika palepale, mikungu ya matoke ikaanguka barabarani. Bahati njema, hapakuwa na gari nyuma. Fundi wangu hakunigombeza. Alinipa tupa, akasema, "Mng'aro ni nguo tu. Daktari hashoni kidonda juu ya nguo."

Maneno yale yana sababu mbili. Ya kwanza ni nguvu ya kiungo. Kromu ya pambo ni utando mwembamba sana. Kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake mna nikeli iliyo nene zaidi, na mara nyingine shaba. Ukichomelea juu yake, madini hayo huchanganyika na chuma kilichoyeyuka, na kiungo chaweza kupata vitundu na nyufa. Kwa nje chaonekana kizima, lakini ndani ni kibovu.

Sababu ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nayo ni mapafu yako. Joto la kuchomelea hugeuza sehemu ya kromu kuwa moshi, na katika moshi huo hupatikana kromu ya namna yenye sumu, ambayo wataalamu huiita kromu ya valensi sita. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kromu hiyo mwaka 1990 miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Mwaka 2017 moshi wote wa kuchomelea nao ukawekwa humo. Saratani haiji siku ile ile. Huja baada ya miaka mingi, wakati fundi amekwisha kuisahau keria aliyoitengeneza.

Basi, fanya hivi. Kwanza, kwangua kromu na nikeli kwa tupa, msasa au grainda, mpaka uone chuma kitupu, kiasi cha sentimita 3 kila upande wa mahali pa kuunga. Kama bomba ni wazi, safisha na ndani ya mdomo wake. Vaa miwani na barakoa wakati wa kukwangua, kwa maana vumbi lake nalo si jema. Usitumie asidi kuondoa kromu karakanani, kwani mvuke wake huunguza kifua. Wala usisafishe kwa dawa ya kuondoa grisi yenye klorini: masazo yake yakipata joto la kuchomelea yaweza kutoa gesi ya kuua.

Pili, bomba lililozibwa pande zote litoboe tundu dogo, ili hewa yenye joto ipate njia ya kutoka. Ikikosa njia, bomba laweza kupasuka.

Tatu, fanya kazi mahali penye hewa, upepo ukiupeleka moshi mbali na uso wako, wala usiinamie juu ya moshi. Kitambaa cha puani hakizuii moshi wa madini. Tafuta barakoa yenye chujio lililotengenezwa kwa moshi huo.

Mwisho, kiungo kikipoa, kisugue kwa brashi ya waya, kisha upake rangi ya fedha ili kisishike kutu. Hakitameta kama zamani, na mwenye pikipiki aweza kunung'unika. Mwambie ukweli kabla ya kuanza kazi. Mimi siku hizi huwaambia wote, na anayekataa kukwanguliwa kromu yake, humrudishia chombo chake.