DAWA YA KIFAFA YATAKA KUMEZWA KILA SIKU

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hauletwi na pepo wala uchawi, wala hauambukizi. Mtu akiguswa na povu la mgonjwa hapati kifafa. Hata hivyo wagonjwa wengi hufichwa nyumbani, na wengine huungua motoni au huzama mtoni wanapoanguka, ijapokuwa dawa za kuzuia kuanguka zipo.

Dawa mojawapo iliyotumika kwa miaka mingi, tena ya bei nafuu, ni fenobabitoni. Katika mwaka 1912 daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, alitambua kwamba wagonjwa wa kifafa waliopewa dawa hii walipungukiwa na kuanguka. Huko Wilaya ya Nakuru ilijaribiwa pamoja na dawa nyingine ya kifafa, na habari zake zikachapishwa mwaka 1991. Katika wagonjwa 249 waliomaliza mwaka mzima wa matibabu, zaidi ya nusu hawakuanguka kabisa katika miezi sita ya mwisho.

Yafaa ifahamike kwamba vidonge hivi having'oi ugonjwa. Kazi yake ni kuuzuia, kama boma lizuiavyo fisi. Boma likiachwa wazi, fisi huingia. Tena nguvu ya dawa hukamilika mwilini baada ya majuma mawili au matatu. Kwa hiyo mgonjwa akianguka katika siku za kwanza asikate tamaa, wala asijiongezee vidonge.

Mambo ya kushika ni haya:

1. Dawa imezwe kila siku kwa kipimo cha daktari, kwa kawaida jioni. Ikisahauliwa siku moja, kipimo kisiongezwe maradufu siku ya pili.

2. Mgonjwa asiache dawa ghafula, hata akijiona mzima. Kuacha ghafula huweza kuleta kuanguka mfululizo, na mtu huweza kufa. Akikaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, daktari aweza kufikiri kumpunguzia kidogo kidogo.

3. Dawa huleta usingizi, hasa mwanzoni. Mgonjwa asiendeshe gari wala baiskeli, na asipande miti. Asinywe pombe, kwa maana vitu hivi viwili vikikutana huweza kupunguza pumzi.

4. Vipele vikitokea mwilini, aende hospitali siku ile ile.

5. Amweleze daktari dawa nyingine anazotumia. Fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba na ya baadhi ya dawa za UKIMWI. Mwanamke mwenye mimba amwone daktari mapema, wala asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

6. Vidonge viwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza vingi aweza kufa.

Mtu akianguka, aondolewe penye moto au maji, awekewe nguo laini chini ya kichwa, kisha alazwe ubavu. Asitiwe kijiko wala kitu cho chote kinywani, wala asishikwe kwa nguvu. Ikipita dakika tano naye angali akitetemeka, apelekwe hospitali upesi.

Jamaa wa mgonjwa na wahesabu vidonge vilivyobaki, ili vingine vichukuliwe kabla havijakwisha. Mtoto anayemeza dawa yake sawasawa aweza kwenda shule kama wenzake, na mtu mzima aweza kufanya kazi na kutunza nyumba yake.