Lamu kwa mkono wa mtoto

Ukimpeleka mtoto Lamu, usianzie makumbusho. Anzia karakana. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu wameishi humo mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Lakini miaka 700 haimwambii kitu mtoto wa darasa la nne. Patasi humwambia.

Sisi tulitoka Mombasa na watoto wetu wawili, tukavuka kwa boti kutoka Mokowe. Asubuhi tukapiga hodi kwa fundi wa milango, kichochoroni nyuma ya Usita wa Mui, barabara kuu ya mji ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Tulimkuta ameketi chini, ameukanyagia mfaa kwa unyayo usisogee. Mfaa ni ule mti wa katikati unaopigiliwa kwenye ubao mmoja wa mlango, ukaziba ufa pale mbao mbili zinapokutana, na nakshi zake humwonyesha mgeni hadhi ya nyumba kabla hajafunguliwa. Maua yalikuwa yameshachorwa kwa penseli. Binti yangu alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akapewa patasi na kipande cha ubao cha kujaribia.

"Fuata nyuzi za mti, mwanangu. Ukizikata, ua litapasuka."

Jani moja lilimchukua hadi adhana ya adhuhuri. Alipotoka hapo hakupita mlango bila kuusimamia, akipapasa kwa kidole pale patasi ilipozama na pale ilipoinuka. Hakuna mwongozaji wa watalii ambaye angempa macho yale.

Sasa ndipo tukaenda kwenye ile nyumba ya kale ya Kiswahili iliyohifadhiwa kama makumbusho. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sababu ni mti tena: dari hubebwa na boriti za mikoko, nazo hazivuki umbali mkubwa, kwa hiyo upana wa chumba hukoma karibu mita tatu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani kabisa kuna zidaka, safu juu ya safu, zilizochongwa kwenye plasta kwa uangalifu ule ule tuliouona kwa fundi. Katika Makumbusho ya Lamu, kando ya bahari, watoto walisimama mbele ya siwa mbili, ya shaba ya Lamu na ya pembe za ndovu iliyotoka Pate. Zilipulizwa kwenye sherehe kubwa za watawala na koo zao. Ngome ya Lamu tuliipitia haraka. Mdogo alitaka tu kujua wafungwa walilala wapi, maana palikuwa gereza hadi 1984.

Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, ndiko tulikokaa hadi tukakaribia kuachwa na maji. Kijiji hiki kinasifika kwa kuunda vyombo. Jahazi moja lilikuwa limesimama juu ya magogo, mkuku umeshalazwa, mataruma yakipanda kushoto na kulia. Mengi ya mataruma hayo hayakupindwa na mtu. Fundi huutafuta mti uliojipinda wenyewe, akauchonga kwa tezo hadi ukae. Kijana mmoja alikuwa anatoboa kwa keke, anavuta upindi mbele na nyuma huku kamba ikiuzungusha mti wa keke, na unga wa mbao unamwagika miguuni. Mwanangu aliomba kujaribu. Kamba ilimchopoka mara kadhaa, kisha ikashika, akapiga kelele hadi mzee aliyekuwa akitia kalafati kwenye mianya ya mbao akageuka na kumpigia makofi.

Kuna jambo linaloniuma na nitalisema. Hapa Lamu kofia ya vito hushonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, na nzuri huchukua miezi. Nilimwona mgeni akiishusha bei kwa kuilinganisha na ya mashine, na mama mshonaji akanyamaza tu. UNESCO italinda kuta, lakini mshono huo utaendelea ikiwa tu kuna anayemlipa mama huyu kwa miezi yake. Tuliagiza moja ya mume wangu, tukalipa bei aliyoitaja.

Mkipanga safari, epukeni kupiga hodi karakana mchana wa Ijumaa. Mfungo Sita mji hujaa kwa Maulidi: watu hukusanyika Msikiti wa Riyadha, kukawa na mbio za punda na mashindano ya mashua. Ni wakati mzuri wa kuja, ila mafundi wengi huwa na wageni na shughuli zao. Kama watoto wenu wanataka kushika tezo, njooni wiki nyingine.