Kuomba nyongeza ya kadi: Ukaguzi mmoja huacha alama, mwingine hauachi

MWENYE kadi ya mkopo anapoiomba benki impandishie kikomo cha matumizi, kwa macho ya benki anaomba mkopo mpya, hata kama kadi ni ile ile aliyoitumia miaka mingi. Benki hulazimika kumpima tena. Namna ya kupimwa huko yaweza kumharibia mkopo mkubwa zaidi anaoupanga miezi michache baadaye.

Jambo hili huonekana wazi zaidi nchini Marekani, ambako kumbukumbu za wakopaji hutunzwa na kampuni tatu kubwa: Equifax, Experian na TransUnion. Kumbukumbu hizo hugeuzwa kuwa alama. Zinazotumiwa sana ni alama za kampuni ya FICO, zilizoanza mwaka 1989, ambazo kwa kawaida huanzia 300 hadi 850. Kadiri alama zinavyopanda ndivyo mkopaji anavyoaminiwa na kutozwa riba nafuu.

Aina mbili za ukaguzi

Aina ya kwanza ni ukaguzi mwepesi. Benki hulipitia faili la mteja iliye naye tayari, jambo linaloruhusiwa na sheria ya taarifa za wakopaji ya mwaka 1970. Ukaguzi huu huonwa na mteja mwenyewe, wakopeshaji wengine hawauoni kabisa, wala haupunguzi alama. Ndio unaotumika kwa kawaida pale benki inapopandisha kikomo kwa hiari yake bila kuombwa.

Aina ya pili ni ukaguzi mzito, ambao hufanywa kwa sababu mteja ameomba mkopo. Huu hubaki katika faili kwa miaka miwili na kila mkopeshaji huuona, ingawa FICO huuhesabu kwa miezi 12 tu. Kwa watu wengi huondoa chini ya alama tano.

Alama tano zaweza kuonekana si kitu. Hata hivyo, mwenye faili jipya lenye historia fupi huumia zaidi. Aidha, maombi kadhaa yakifuatana katika muda mfupi humfanya mkopeshaji ashuku kuwa mwombaji amebanwa na fedha. Kwa mikopo ya nyumba na magari, kaguzi zilizofanywa karibu karibu huhesabiwa kuwa moja, kwa vile inaeleweka kuwa mnunuzi analinganisha riba. Kwa kadi hakuna nafuu hiyo. Kila ombi huhesabiwa peke yake.

Benki hazina utaratibu mmoja. Zipo zinazotumia ukaguzi mwepesi kwa kila ombi la nyongeza na zipo zinazotumia mzito. Nyingine huanza na mwepesi, kisha huomba idhini ya ule mzito kama kiasi kinachotakiwa ni kikubwa. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kutia saini ni moja: ukaguzi utakuwa wa aina gani?

Kinachotazamwa

Sheria ya kadi ya mwaka 2009 inaitaka benki ya Marekani ipime uwezo wa mteja kulipa kabla ya kuongeza kikomo. Ndiyo maana mwombaji huulizwa upya kipato chake, ambacho hulinganishwa na madeni yake. Katika alama za FICO, historia ya malipo hubeba asilimia 35 na kiasi kinachodaiwa asilimia 30.

Hapo ndipo ilipo faida ya nyongeza. Tuseme mteja ana kikomo cha dola 2,000 na anadaiwa dola 1,200. Ametumia asilimia 60, kiwango kinachoshusha alama. Kikomo kikipanda hadi dola 4,000 na deni likabaki lile lile, matumizi yatakuwa asilimia 30, na alama zaweza kupanda kuliko zilizopotea kwa ukaguzi. Lakini akitumia nafasi mpya hadi deni lifike dola 2,400, atarudi kwenye asilimia 60 akiwa na deni maradufu.

Anayekataliwa ana haki ya kuelezwa sababu. Iwapo uamuzi umetokana na taarifa za faili lake, anaweza kudai nakala bila malipo ndani ya siku 60 na kupinga makosa yaliyomo.

Afrika Mashariki

Taasisi za taarifa za wakopaji zipo pia katika ukanda huu. Kenya ilitoa leseni ya kwanza mwaka 2010, na Tanzania ikafuata mwaka 2013. Kanuni za Kenya za mwaka 2013 zilipanua taarifa zinazopelekwa huko, zikaingiza na za wanaolipa vizuri. Zile za mwaka 2020 zilizuia deni bovu lisilofika shilingi 1,000 kumchafulia mtu jina. Mkopaji wa Kenya ana haki ya nakala moja ya taarifa zake bila malipo kila mwaka.

Mfanyabiashara anayetaka kuongezewa kikomo, awe Nairobi au Chicago, hana budi kusoma faili lake kwanza na kusahihisha makosa. Na kama anatarajia kuomba mkopo wa nyumba, gari au mtaji hivi karibuni, ombi la kadi linaloleta ukaguzi mzito ni bora lisubiri hadi mkopo huo mkubwa upitishwe.