Grande Hotel ya Beira: Jumba la anasa lililokosa wageni

Madereva wa malori yanayoteremka kutoka Harare, Lilongwe na Lusaka kwenda bandari ya Beira, Msumbiji, wanaijua vizuri barabara hiyo na foleni za mipakani. Wachache hufika upande wa ufukweni, lilipo jumba kubwa la zege lililochakaa. Historia ya jumba hilo inamhusu kila anayeishi kwa biashara ya kuvuka mpaka.

Hiyo ni Grande Hotel. Ilifunguliwa mwaka 1954, enzi za ukoloni wa Wareno, ikiwa na vyumba zaidi ya 100, kumbi, lifti na bwawa la kuogelea la kipimo cha Olimpiki. Ilijengwa kwa mtindo wa kisasa wa wakati huo: kuta za zege, kona za mviringo na baraza za kupokea upepo wa bahari. Mwafrika aliingia humo kama mtumishi.

Wageni waliolengwa ni matajiri wa Kizungu, hasa kutoka Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Nchi hiyo haina bahari, na reli iliwafikisha Beira bila usumbufu. Wenye hoteli walitumaini pia kupata leseni ya kasino. Leseni haikutoka, na matajiri hawakuja kwa idadi ya kulipia gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hoteli ilifungwa, ingawa bwawa na kumbi viliendelea kutumika.

Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975. Machi 1976, serikali ya Samora Machel ilifunga mpaka na Rhodesia ili kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa na kuunga mkono ukombozi. Gharama yake ilikuwa kubwa: Beira ilipoteza mizigo ya Rhodesia iliyokuwa ikiilisha bandari. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1977 hadi 1992. Waliokimbia vijiji vyao walipata hifadhi hotelini, na wengi hawakuondoka tena.

Leo wanaishi humo zaidi ya watu 1,000, bila maji ya bomba. Vioo, marumaru na vyuma viling'olewa vikauzwa. Mbao za sakafu zikawa kuni. Mashimo ya lifti yako wazi na ni hatari kwa watoto. Bwawa la matajiri limekuwa mahali pa kufulia nguo. Hata hivyo, wakazi wamepanga meza za biashara ndogondogo humo humo. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira Machi 2019, jumba lilibaki limesimama.

Katika mji huohuo kuna kituo cha reli kilichofunguliwa mwaka 1966, chenye tao kubwa la zege, nacho cha mtindo wa kisasa. Hicho bado kinatumika. Hoteli ilitegemea mteja mmoja, tajiri, anayekuja akipenda. Reli na bandari zinategemea mahindi, mbolea, mafuta na bidhaa ambazo Malawi, Zambia na Zimbabwe haziwezi kukaa bila kuzipitisha.

Atakayetaka kuifufua Grande Hotel atakuta ina wenyeji tayari, na baadhi yao wamezaliwa humo. Hesabu yoyote ya ukarabati italazimika kuanza na swali la wapi watakwenda.