Ndege za vita ndani ya ordinatere: watoto wetu wanacheza nini?

Hapa Mudzipela, ordinatere ikiingia nyumbani, vijana wanatafuta michezo mbele ya masomo. Kati ya ile wanayopenda ni michezo ya kuendesha ndege za vita. Kabla ya kuikataza au kuiachilia tu, tuijue.

Si michezo ya jana. Mwaka 1982 Microsoft ilitoa Flight Simulator, na ndani yake kulikuwa sehemu ya kupigana kwa ndege za Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1998 ikatoa Combat Flight Simulator, juu ya Vita Kuu ya Pili kule Ulaya. Mwaka 2001 ukafuata IL-2 Sturmovik, wenye jina la ndege ya Wasovieti. Siku hizi kuna DCS World, ambao rubani anajifunza vifungo vya ndege karibu kama vya kweli. Huo unahitaji ordinatere yenye nguvu.

Faida iko. Kwa kutua vizuri, mtoto anapima kasi, urefu, upepo na mafuta, tena anasoma ramani. Hiyo ni hesabu na jiografia.

Lakini sisi wa Bunia tunajua sauti ya ndege ya vita. Mwaka 2003, wakati wa Operesheni Artemis, ndege za Ufaransa zilipita juu ya mji wetu. Hata leo tunaishi na watoto waliokimbia vita vijijini. Katika mchezo, aliyepigwa anaanza tena. Kwetu, aliyekufa hakurudi. Mtoto asipolisikia jambo hilo kwa mama yake, atalisikia wapi?

Basi tufanye hivi:

- Tukae karibu naye, tumuulize: «Chini ya ndege yako kuna nani?» Tumwache ajibu.
- Tuangalie alama ya PEGI: 3, 7, 12, 16 au 18. Ni umri ambao mchezo unafaa kuanzia hapo.
- Kama nyumbani kuna mtoto aliyekimbia vita, sauti ishushwe, au mchezo ungoje.
- Tuwaonyeshe pia michezo isiyo na silaha. Microsoft Flight Simulator wa mwaka 2020 una dunia nzima: penye ordinatere nzuri na intaneti, mtoto anaweza kuruka kutoka Bunia, kuvuka Ziwa Albert na kutua Entebbe bila kumpiga mtu.