Mukula: Jina la Mti Mbele ya Sheria

Sheria inayolinda mmea huulinda kwa jina. Asiyejua jina lililoandikwa katika sheria hawezi kujua kama mti ulio mbele yake umekatazwa au umeruhusiwa. Na ajuaye majina mawili ya mti mmoja anaweza kuchagua lile linalomfaa siku ya ukaguzi. Makala haya yanachunguza jambo hilo kwa kuutazama mti mmoja wa misitu ya miombo ya kusini-mashariki mwa Kongo, yaani mukula. Mti huo ulikatwa kwa wingi katika miaka ya 2010 katika eneo lililokuwa mkoa mmoja wa Katanga kabla ya mgawanyo wa 2015. Magogo yake yalipitishwa Zambia, yakafikishwa kwenye bandari za bahari na kupakiwa kwenda China, ambako mbao nyekundu hutengenezewa samani za thamani kubwa. Mwaka 2017 malori mengi yaliyobeba mukula kutoka Kongo yalizuiliwa Zambia. Neno lililokuwa la wakulima, waganga na wataalamu wachache wa mimea likageuka kuwa neno la magazeti na la forodha.

Kwa upande wa umbo, neno hili halina fumbo. Ni jina la ngeli ya miti, mukula katika umoja na mikula katika wingi, nalo limehifadhi kiambishi kamili mu-, kama ilivyo desturi ya Kiswahili cha Lubumbashi na ya lugha za Kibantu zinazokizunguka. Mzizi wake hauhusiani na kitendo cha kula, ingawa Mswahili wa mbali anaweza kudanganyika anapolisikia kwa mara ya kwanza. Ndugu yake wa kweli ni nkula, yaani unga mwekundu unaopatikana kwa kusaga au kusugua kiini cha mti, ukachanganywa na mafuta na kupakwa mwilini. Kikongo kina tukula, na Kilingala kina ngola, kwa unga wa namna hiyo hiyo. Mfanano huo ni mkubwa mno kuweza kuitwa bahati tu: inaelekea kwamba Wabantu wa eneo pana la Afrika ya Kati waliuita mti kwa rangi waliyoipata ndani yake. Jambo la kupendeza ni kwamba wataalamu wa mimea walifuata njia ile ile. Jina lao la Kilatini, Pterocarpus tinctorius, lina maana ya mti wa matunda yenye mabawa unaotia rangi.

Ikiwa jina limetokana na rangi, basi kila mti wenye wekundu huo una haki ya kuitwa hivyo, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Katika misitu ya miombo yupo ndugu wa karibu wa mukula, ambaye kwa Kilatini huitwa Pterocarpus angolensis. Wabemba huuita mulombwa, na jina hilo husikika pia katika Kiswahili cha Katanga. Miti hii miwili hufanana kwa matunda yake ya duara, yenye bawa jembamba pembeni na nywele ngumu katikati, na yote miwili hutoa utomvu mwekundu gome lake likichanjwa. Kwa fundi wa mbao tofauti ni wazi, kwa kuwa kiini cha mulombwa huelekea rangi ya kahawia, wakati kile cha mukula ni chekundu. Lakini Wandembu, watu wa jamii ya Walunda wanaoishi kaskazini-magharibi mwa Zambia, wanapotamka mukula wanamaanisha Pterocarpus angolensis, yaani ule ule ambao jirani yao Mbemba anauita mulombwa.

Habari za Wandembu zinafahamika vizuri kutokana na utafiti uliofanywa na Victor Turner katika miaka ya 1950. Kwao mukula ni mti wa damu. Utomvu wake huganda upesi, kwa hiyo vijana waliotoka kutahiriwa katika mukanda waliketishwa juu ya gogo lake ili vidonda vyao navyo vikauke upesi. Wanawake wenye matatizo ya hedhi walitibiwa kwa ibada iitwayo Nkula. Inafaa kusisitiza kwamba Wandembu hawakukosea jina. Wao huutaja mti kwa kazi inayofanywa na utomvu wake, mpaka mbao huutaja kwa kiini chake, na mtaalamu wa mimea kwa ua na tunda lake. Kila mmoja ana hoja yake, ila mizani ya sheria hutambua hoja ya mmoja tu.

Tukisogea mashariki, majina hubadilika tena. Nchini Tanzania Pterocarpus angolensis ni mninga, mbao inayojulikana na kila seremala, nao Pterocarpus tinctorius huitwa mkurungu. Kwa hiyo msomi wa Lubumbashi anayetafuta mukula katika kitabu cha Kiswahili sanifu hatauona mahali anapoutarajia, na Mtanzania anayesoma habari za mukula wa Katanga anaweza asitambue kwamba anausoma mti wa kwao.

Hata Kilatini, ambacho wengi hukiona kama kimbilio la uhakika, hakikutulia. Maandishi mengi ya Zambia yaliuita mukula Pterocarpus chrysothrix, na kwa muda mrefu jina hilo lilihesabiwa kuwa la spishi ya peke yake. Leo wataalamu wanaliweka ndani ya Pterocarpus tinctorius. Mfanyabiashara mwenye karatasi za zamani angeweza kusema, bila kudanganya kabisa, kwamba mti wake haumo katika orodha.

Orodha yenyewe ni ile ya Mkataba wa Biashara ya Kimataifa ya Spishi za Wanyama na Mimea ya Pori zilizo Hatarini Kutoweka, unaojulikana kwa herufi CITES. Ulitiwa sahihi Washington mwaka 1973, ukaanza kutumika mwaka 1975, na nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1976. Mkataba huo una viambatisho vitatu. Kiambatisho cha I kinahusu spishi zinazokaribia kutoweka, na biashara yake ya kimataifa karibu yote imekatazwa. Kiambatisho cha II kina spishi ambazo si lazima ziwe karibu na kutoweka, lakini zinaweza kufika huko biashara isipodhibitiwa. Anayetaka kusafirisha mbao za spishi hizo nje ya nchi lazima apate kibali, nacho hutolewa baada ya kuthibitishwa kwamba mti ulikatwa kwa kufuata sheria na kwamba kuusafirisha hakutaidhuru spishi yenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida mambo haya mawili huchanganywa, watu wakasema kwamba mukula "umekatazwa na CITES". Haukukatazwa. Umewekewa sharti.

Pterocarpus tinctorius iliingizwa katika Kiambatisho cha II kwenye mkutano wa Geneva wa Agosti 2019, kwa pendekezo la Malawi, na uamuzi ukaanza kutumika mwezi wa Novemba mwaka huo. Kwa miaka mitatu iliyofuata, ulinzi huo ulisimama juu ya neno moja la pili, tinctorius. Ofisa wa forodha aliyesimama Kasumbalesa mbele ya lori la magogo yasiyo na jani wala tunda alitakiwa kuamua kama ni tinctorius au ni ndugu yake ambaye alikuwa bado huru. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliondoa mtego huo kwa kuingiza katika Kiambatisho cha II jenasi nzima ya Pterocarpus kwa upande wa Afrika, kuanzia Februari 2023. Kwa mtazamo wa isimu huo ni uamuzi wa busara: pale watumiaji wa lugha wasipoweza kutenganisha vitu viwili, sheria imekubali kuviita kwa jina la ukoo. Uamuzi huo unahusu magogo, mbao zilizopasuliwa na mazao mengine ya mbao. Unga wa nkula haumo, na bibi anayeusaga kwa ajili ya bi arusi hana haja ya kibali.

Ugumu mwingine uko katika sheria za ndani, na huo unawahusu zaidi watafsiri. Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inaigawa misitu ya nchi katika makundi matatu, ambayo kwa Kifaransa ni "forêts classées", "forêts protégées" na "forêts de production permanente". Mtafsiri mwenye haraka ataliita kundi la pili "misitu inayolindwa", na mwanakijiji atakayesikia hivyo atadhani kwamba huko hakuna ruhusa ya kugusa mti. Ukweli ni kinyume. Kwa maana ya sheria hiyo, "forêts protégées" ni misitu ambayo haikuwekwa rasmi katika daraja la hifadhi, na masharti yake kuhusu haki za matumizi ni mepesi kuliko yale ya "forêts classées". Neno protégée limebeba historia ya utawala wa misitu wa Kifaransa. Neno kulinda halikubeba historia hiyo, nalo halipaswi kubebeshwa. Huenda "misitu ya kawaida ya dola" isingekuwa tafsiri nzuri ya kusoma, lakini isingemdanganya mtu. Kwa kundi la kwanza, "misitu ya hifadhi" inatosha.

Tofauti hizi zina uzito kwa sababu mkataji wa kijijini ndiye anayekutana na sheria wa kwanza na kulipwa wa mwisho. Akikata mulombwa kwa ajili ya mlango wa nyumba yake katika msitu ambao sheria inamruhusu, anaweza kutishwa kwa jina la mukula na kutozwa asichodaiwa, kwa kuwa hana maandishi ya kujitetea katika lugha anayoisoma. Jirani yake anayeuza mukula kwa lori anaweza kuandikiwa karatasi ya "bois rouge", jina ambalo halitaji spishi yoyote duniani.

Kiini chekundu huonekana baada ya mti kuanguka. Kabla ya hapo alama zilizopo ni gome, jani, ua na tunda, na wanaozisoma vizuri ni wazee wa Sakania, Kasenga na Pweto, ambao huzieleza kwa Kilamba au kwa Kibemba zaidi kuliko kwa Kiswahili. Orodha ya majina itakayomsaidia mkaguzi haiwezi basi kuandikwa kutoka mezani. Kila jina linahitaji kuchukuliwa pamoja na tawi lenye tunda, likiandikwa mahali lilipotamkwa na lugha ya aliyelitamka, kisha tawi hilo lipelekwe kwenye hebario kutambuliwa. Kazi hiyo inaanza vema kwenye mwezi wa kiangazi ambao matunda yamekauka na bado yananing'inia juu ya mti ulioangusha majani yake.